Ushuru Wetu, Sadaka Yetu na Ndugu Asiye na Makazi



Katika mikutano ya kamati za parokia, kila ajenda inapofika kwenye suala la familia za mitaani, swali moja halikosi kuulizwa. Mwanakamati husimama na kusema: "Sisi tunakatwa ushuru wa nyumba kila mwezi. Kwa nini tuchangishwe tena kwa ajili ya watu wanaolala nje?" Wafadhili wetu nao huuliza swali hilo hilo kutoka upande wa pili: "Je, msaada wetu haufanyi kazi ambayo serikali ingepaswa kuifanya?"

Maswali haya mawili ni halali, na hayapaswi kujibiwa kwa maneno ya kuombea mchango tu. Katika toleo hili tumeona ni vyema tueleze jinsi fedha za umma zinavyotumika nchini Kenya kuhusiana na watu wasio na makazi, sheria inasema nini, na wajibu wa kimaadili wa Mkristo unaanzia na kuishia wapi. Msimamo wetu tunautaja tangu mwanzo ili msomaji aupime: sadaka haiwezi kuchukua nafasi ya bajeti, na kulipa kodi hakumwondolei mtu wajibu wa kujua kodi hiyo imefanya nini.

Tunazungumzia watu gani?

Tunaposema "wasio na makazi" watu wengi hufikiria mtoto mwenye chupa ya gundi mdomoni. Huyo yumo, lakini hayuko peke yake. Kuna makundi matatu yanayofaa kutofautishwa, kwa sababu kila moja lina mahitaji yake.

Kundi la kwanza ni wale wanaolala nje usiku: kwenye veranda za maduka, chini ya madaraja, sokoni na kwenye majalala. Kundi la pili ni wale wanaoshinda mitaani wakiomba au kuokota chupa na vyuma, lakini jioni wana mahali pa kurudi, hata kama ni chumba kimoja cha watu wanane. Kundi la tatu ni familia zinazoishi katika mitaa ya mabanda bila hati wala mkataba wowote, ambazo leo zina paa na kesho tingatinga likija hazina.

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini kote. Nairobi pekee ilikuwa na 15,337 na Mombasa 7,529. Idadi hii haihusu familia za mabanda zilizo katika hatari ya kubomolewa, ambazo ni nyingi zaidi. Ni muhimu kamati zetu zielewe kuwa makundi haya hulishana. Familia iliyobomolewa nyumba bila mahali pa kwenda ndiyo inayopeleka mtoto mitaani kuomba, na mtoto anayeshinda mitaani ndiye baada ya muda huacha kurudi nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hali kadhalika tuwe waangalifu na maneno. Neno "chokoraa" tunalitumia bila kufikiri, nalo humtambulisha mtu kwa takataka anazochokora. Ndani ya kumbukumbu za kamati tunashauri liandikwe jina la mtu, au angalau "mtoto", "mama", "kijana". Bajeti hupangiwa watu, na mtu aliyekwisha kupewa jina la jalala si rahisi kupangiwa kitu.

Mifuko mitatu ya fedha za umma

Watu wengi hudhani kwamba serikali haitumii chochote kwa wasio na makazi. Si kweli. Fedha zinatumika, ila tunapaswa kuuliza zinatoka mfuko gani. Kwa ajili ya maelezo haya tumezigawa katika mifuko mitatu: mfuko wa kufukuza, mfuko wa kujenga na mfuko wa kurejesha.

Mfuko wa kufukuza ndio usiotajwa sana. Askari wa kaunti wanapofanya msako usiku, lori limetumia mafuta na askari wamelipwa mshahara. Mtu akipelekwa kituo cha polisi, analishwa na kulindwa kwa fedha za umma. Akifikishwa mahakamani, hakimu, karani na mwendesha mashtaka wote wanalipwa. Akiwekwa rumande wiki mbili kwa kukosa dhamana, serikali imemlipia kitanda na chakula wiki mbili. Akitoka, anarudi pale pale alipokamatwa kwa kuwa hana pengine pa kwenda, na mzunguko unaanza upya. Gharama hizi haziandikwi popote chini ya kichwa cha "familia za mitaani". Zimetawanyika katika idara za usalama, mahakama, magereza na afya, na ndiyo maana huonekana kana kwamba hazipo.

Ubomoaji nao ni sehemu ya mfuko huu. Wakati wa mafuriko ya mwaka 2024, serikali iliamuru watu waondoke kandokando ya mito, na nyumba nyingi zikabomolewa Mathare na Mukuru, Nairobi. Kumwondoa mtu katika ukingo wa mto uliofurika ni jambo la busara, na hakuna anayependa kuzika majirani zake. Mwezi Mei mwaka huo Rais aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa ili ipate pa kuhamia. Lakini tuifanyie hesabu ahadi hiyo. Mama mwenye watoto wanne akitoa kodi ya chumba ya mwezi wa kwanza, amana ya mwenye nyumba, godoro, sufuria na sare za shule zilizosombwa na maji, shilingi 10,000 zitakuwa zimebaki ngapi? Msaada huo ungeweza kuvusha familia mwezi mmoja au miwili. Mwezi wa tatu ulihitaji mpango, na mpango hauwezi kutungwa siku tingatinga limekwisha washwa.

Mfuko wa kujenga ndio unaojulikana zaidi siku hizi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria hiyo inazipanga nyumba kwa kipato, na za daraja la chini, yaani nyumba za kijamii, zinamlenga mtu ambaye mapato yake kwa mwezi hayafiki shilingi 20,000. Mwezi Mei 2025 nyumba 1,080 zilikabidhiwa kwa wenyewe Mukuru, Nairobi, na chumba kidogo kabisa kilipangiwa malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 130 kwa siku. Kwa fundi au mama mboga aliyekuwa akilipia kibanda cha mabati, hili ni jambo la kushukuru, nasi tunalitambua bila kinyongo.

Lakini ngazi hii inaanzia juu ya kichwa cha mtu anayelala kwenye veranda. Ili aombe nyumba anahitaji kujisajili. Ili ajisajili anahitaji kitambulisho cha taifa na namba ya mlipa kodi. Na akiisha kukubaliwa anahitaji amana, kisha malipo ya kila mwezi bila kukosa. Kijana aliyetoka nyumbani akiwa na miaka tisa hana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hicho kitambulisho ni safari ndefu. Kwa hiyo fedha za nyumba zinaweza kuongezeka kila mwaka na zisimfikie hata mmoja wa wale tunaowaruka kwa mguu tukienda misa ya kwanza.

Mfuko wa kurejesha ndio unaomgusa mtu huyo moja kwa moja: kumtoa mitaani, kumtibu, kutafuta ndugu zake, kumpatia hati, kumrudisha shuleni au kumfunza kazi, na kumfuatilia hadi asimame. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilianzisha Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani kwa lengo hilo. Tofauti na nyumba za bei nafuu, Hazina hiyo haikuwekewa ushuru wake maalum. Imetegemea kiasi inachotengewa katika bajeti ya serikali na misaada ya wahisani. Zaidi ya hayo, Hazina ilikuwa ya serikali kuu, ilhali askari wanaofanya misako wako chini ya kaunti, na ujenzi wa nyumba umegawanywa kati ya serikali hizo mbili. Mtu mmoja anayelala nje anahusu ofisi nne au tano, na kila moja inaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba si kazi yake peke yake.

Hivyo basi, mzigo mkubwa wa kurejesha umebaki kwa makanisa, misikiti, mashirika na watu binafsi wenye huruma. Hapo ndipo maswali ya wanakamati na wafadhili wetu yanapopata uzito.

Sheria inasema nini?

Wapo wanaoona msaada kwa wasio na makazi ni hisani ya serikali, inayotolewa ikipenda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, malazi na huduma za afya. Kifungu cha 20 kinakwenda mbali zaidi: serikali ikidai haina uwezo wa kutimiza haki hizo, ni juu yake kuthibitisha kwamba fedha hazipo, na inapogawa fedha inapaswa kuzingatia hali ya makundi yaliyo dhaifu. Kwa maneno mengine, "hatuna pesa" si jibu linalofunga mazungumzo. Ni dai linalohitaji ushahidi.

Kuhusu kufukuza, Sheria ya Uzururaji tuliyorithi kutoka enzi za ukoloni ilifutwa nchini Kenya mwaka 1997. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria zinazomwadhibu mtu kwa kukosa makao au kazi zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inamtazama mtoto anayeishi mitaani kama mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, si mhalifu. Na tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016, wanaokalia ardhi bila idhini wanapaswa kupewa notisi ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa.

Hukumu peke yake haijengi nyumba

Ikumbukwe hata hivyo kuwa haki iliyoandikwa na haki iliyofika mlangoni ni vitu viwili. Tuna mifano miwili inayotufundisha jambo hili.

Wa kwanza unatoka Afrika Kusini, ambako mahakama zetu zimejifunza mengi kuhusu haki ya makazi. Mama Irene Grootboom na wenzake, watu wazima 390 na watoto 510, walifukuzwa walipokuwa wamejenga vibanda karibu na Wallacedene, nje ya jiji la Cape Town. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba iliwapa haki. Ilisema mpango wa nyumba wa serikali, ingawa ulikuwa mzuri kwa mambo mengi, ulikuwa na kasoro moja kubwa: haukuwa na kitu chochote kwa ajili ya watu waliokuwa katika dhiki ya papo hapo, wasio na paa kabisa. Hukumu hiyo inasomwa na wanasheria ulimwenguni kote. Mama Grootboom mwenyewe alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kibandani.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Mwezi Novemba 2011 nyumba za kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, zilibomolewa ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuzuia ubomoaji. Wakazi walishinda katika Mahakama Kuu mwaka 2013, wakashindwa katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2016, na mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba watu waliokaa kwenye ardhi ya umma bila mahali pengine pa kwenda wana haki ya makazi inayopaswa kulindwa. Kisha kesi ikarudishwa Mahakama Kuu ili iamue wapewe nafuu gani. Mtoto aliyekuwa na miaka sita siku ya ubomoaji alikuwa na miaka 15 siku ya hukumu hiyo. Utoto wake wote ulipita kati ya kurasa za majalada.

Tunachojifunza ni kwamba hukumu inaeleza mtu anastahili nini, lakini bajeti ndiyo inayosema atapata lini. Pasipo watu wa kuifuatilia bajeti mwaka hadi mwaka, wadi hadi wadi, ushindi wa mahakamani hubaki kwenye karatasi.

Imani yetu inatudai nini?

Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa uliuita Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makazi, na shirika lake la makazi lilikuwa tayari na makao yake makuu hapa Nairobi. Kwa ajili ya mwaka huo, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka uliouliza tumemfanyia nini ndugu yetu asiye na makazi. Fundisho lake kuu ni rahisi kulieleza: familia isiyo na makazi yanayofaa, bila kosa lake yenyewe, haijapatwa na bahati mbaya tu, imetendewa isivyo haki. Tofauti hii ni kubwa. Mwenye bahati mbaya tunampa pole na msaada. Aliyetendewa isivyo haki tunampa msaada, kisha tunauliza nani anadaiwa.

Mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka tunaujua sote, lakini mara nyingi tunaishia pale alipofunga majeraha. Tukisoma zaidi tunaona kwamba alilipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akamwagiza amtunze yule mgonjwa, na akaahidi kwamba akirudi atalipa kitakachozidi. Huruma yake ilikuwa na malipo ya kwanza, mtu wa kuwajibika, na siku ya kurudi kukagua hesabu. Tungependa huruma ya parokia zetu iwe ya namna hiyo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mwajiriwa anayelipwa shilingi 30,000 anakatwa shilingi 450 za nyumba kila mwezi, na mwajiri anaongeza 450, jumla 900. Kwa mwaka ni shilingi 10,800. Parokia yenye waajiriwa 200 wa kiwango hicho inachangia shilingi 2,160,000 kwa mwaka kupitia mishahara ya waumini wake. Kamati hiyo hiyo hukesha ikipanga jinsi ya kupata shilingi elfu hamsini za Kwaresima, ikizihesabu sarafu kwa sarafu na kuandika risiti. Ni jambo jema. Lakini kwa zile milioni mbili, nani ameuliza swali lolote? Fedha hizo pia ni jasho letu na zinatumika kwa jina letu. Zikijenga, tumejenga. Zikitumiwa kufukuza, hatuwezi kusema hatukuwepo.

Hoja tunazosikia mara kwa mara

"Wengine wamependa wenyewe kukaa mitaani." Wapo wanaokataa kuondoka, hasa waliokaa miaka mingi au waliokwisha kurudishwa nyumbani kwenye kipigo kile kile walichokimbia. Kukataa huko kunatuambia kwamba kazi ya kutafuta chanzo haikufanyika, au ilifanyika haraka mno. Hakuna mtoto wa miaka minane anayependa baridi ya saa tisa usiku.

"Tukiwasaidia watazidi kuja." Hoja hii ina ukweli tukigawa chakula na sarafu peke yake barabarani. Ndiyo maana tunasisitiza kurejesha: hati, matibabu, shule, ndugu, kazi. Anayesaidiwa kwa njia hiyo huondoka mitaani, na wanaokuja ni wale ambao wangekuja vyovyote vile kwa sababu ya hali za huko walikotoka.

"Hiyo ni kazi ya serikali." Ni kweli, na ndiyo maana inatubidi kuidai serikali ifanye. Msemo wa wazee kwamba asiye na wake ana Mungu umewahi kutumiwa kama faraja; usitumiwe kama kisingizio. Kusema ni kazi ya serikali halafu usifike kwenye kikao hata kimoja cha bajeti ni kumwacha ndugu huyo kati ya milango miwili iliyofungwa.

"Fedha zitaibwa." Hofu hii haikuja bure. Lakini dawa ya wizi ni macho mengi. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa kwa umma, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha taarifa za utekelezaji wa bajeti za kaunti kila robo mwaka. Parokia yenye mhasibu mmoja na mwalimu mmoja inaweza kuzisoma na kuzifafanua katika jumuiya ndogo ndogo.

Kamati ya parokia ifanye nini?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka ratiba inayojulikana, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kaunti huwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kufikia tarehe 1 Septemba. Kufikia tarehe 28 Februari hutolewa taarifa ya mkakati wa fedha, inayoonyesha kila sekta itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti. Kamati nyingi huanza kulalamika mwezi Juni, wakati mambo yamekwisha kupangwa. Wakati wa kusema ni Agosti, kabla mpango haujaandikwa, na Februari, kabla fedha hazijagawanywa.

Sheria hiyo hiyo imeanzisha Jukwaa la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti, na imetaja wazi kwamba miongoni mwa wajumbe wawemo wawakilishi wa makundi ya kidini. Kiti hicho ni chetu kwa mujibu wa sheria, pamoja na ndugu zetu wa madhehebu mengine na Waislamu. Tunashauri kila kamati ifanye yafuatayo:

1. Itambue nani anawakilisha makundi ya kidini katika Jukwaa la kaunti yake, na imwalike katika mkutano wa kamati.

2. Iwahesabu watu wanaolala nje ndani ya mipaka ya parokia, kwa heshima na bila kuwapiga picha, ikiandika umri, walikotoka, na iwapo wana cheti cha kuzaliwa au kitambulisho. Ombi lenye idadi husikilizwa kuliko ombi lenye machozi peke yake.

3. Iwasindikize wasio na hati kwenye ofisi ya usajili. Ni huduma ya gharama ndogo, na bila hati milango mingine yote imefungwa.

4. Ipeleke katika kikao cha bajeti maombi machache yanayotajika: kituo cha kupokea watoto mchana, afisa wa watoto wa kutosha, fedha za kufuatilia familia, na fungu la dharura kwa familia zinazoondolewa. Maombi ishirini ni sawa na kutoomba.

5. Inaposikia habari za ubomoaji, iulize mapema: notisi ya miezi mitatu iko wapi, na familia zinapelekwa wapi?

6. Itunze mfuko wake wa huruma kwa mahitaji yasiyoweza kungojea: dawa, blanketi, nauli ya kumrudisha mtoto kwao. Mgonjwa wa leo usiku hawezi kungoja tarehe 1 Julai.

Neno kwa wafadhili wetu

Mmetuuliza kama msaada wenu unaipunguzia serikali wajibu wake. Unaweza kufanya hivyo, endapo utalipia jambo lile lile miaka yote bila mtu kuuliza bajeti ya kaunti iko wapi. Kwa hiyo tunapendekeza fedha za wafadhili zielekezwe kwenye kazi tatu: kuokoa maisha wakati wa dharura, kuonyesha kwa vitendo njia ya kurejesha watu ambayo kaunti inaweza kuichukua baadaye, na kufundisha kamati za parokia kusoma bajeti. Kazi ya tatu haitoi picha nzuri za kuweka kwenye jarida. Hakuna mtoto anayetabasamu mbele ya karatasi ya makadirio. Lakini ndiyo inayoweza kuifanya kazi ya kwanza ipungue.

Tunawaomba pia mtuulize, katika kila taarifa tunayowatumia, swali moja la ziada: mwaka huu kaunti imeongeza kiasi gani mahali mlipotangulia ninyi? Tukishindwa kujibu miaka mitatu mfululizo, mtakuwa na haki ya kutilia shaka mpango mzima.

Kwa kamati zote, tunaomba ajenda hii iingie katika mkutano wenu wa mwezi ujao, na majina ya watu wawili watakaofuatilia bajeti ya kaunti yaandikwe katika kumbukumbu. Sadaka iendelee kutolewa, na kwa moyo. Lakini anayelala nje usiku wa leo anatudai vitu viwili: blanketi, na mtu wa kumsemea pale fedha zinapogawanywa. La kwanza tumezoea kulitoa. La pili linahitaji siku moja ya Agosti na siku moja ya Februari.